TAHADHARI: Muuza magari "yanayonusa mafuta" Dar na fundi wake, wanakula sahani moja

Ndugu zangu, hasa mnaotafuta gari dogo la kwanza la kwendea kazini, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna muuzaji wa magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam anayetangaza Vitz, Passo na IST mtandaoni kwa maneno yaleyale kila siku: "Namba D, mkono mmoja, AC inapiga, haidaiwi, inanusa tu mafuta, kuwasha na kuondoka." Jina lake silitaji kwa sababu nimeshafungua RB na suala liko polisi. Nitaeleza alivyonifanyia, ili mkikutana naye mumtambue kwa matendo yake.

Nilinunua kwake Vitz ya mwaka 2006, ile yenye injini ya 1.3, kwa milioni nane na laki mbili. Aliniambia lita moja inakwenda kilomita 18. Dashibodi ilisoma kilomita 68,000. Nilipofika kuliona, gari lilikuwa limeshawashwa, boneti ya moto. Akasema limetoka kuoshwa sasa hivi. Tukazunguka nalo dakika kumi, AC baridi, linaondoka vizuri, nikaridhika. Fundi wa kwangu sikuwa naye. Akanionyesha kijana aliyekaa pembeni: "Dada yangu, fundi huyu hapa, muulize chochote." Nikamuuliza fundi wa muuzaji kuhusu gari la muuzaji. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Natoka Kibaha kwenda Ubungo na kurudi, karibu kilomita 60 kwa siku. Wiki ya kwanza tu nikaona hela ya mafuta haieleweki, nikaamua kupima. Nilijaza tenki mpaka pampu ikakata, nikaandika kilomita, nikaendesha siku tano, nikarudi kituo kilekile na pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikakata. Kilomita 294, lita 38. Ukigawanya unapata kilomita 7.7 kwa lita. Msipime kwa kuangalia geji wala kwa "niliweka elfu ishirini ikaisha", haitawapa jibu. Pimeni hivi, tenki hadi tenki.

Nikampigia muuzaji. Hakubisha hata kidogo, na hilo lilinipa moyo. "Mpelekee fundi wangu, atakuangalizia kwa bei ya undugu." Huyo fundi akanibadilishia plagi nne kwa 80,000. Hakuna kilichobadilika. Akasafisha nozeli, 60,000. Vilevile. Akasema sensa ya oksijeni imekufa, 150,000. Mwisho akaniuzia kwa 50,000 kidude cha plastiki cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, akisema kinaifundisha kompyuta ya gari kubana mafuta. Jumla 340,000, na gari linakunywa kama lilivyokuwa.

Nusura ilikuja kwa mwalimu mwenzangu, akanipeleka kwa fundi mzee pale Mbezi. Huyu hakugusa spana kwanza. Aliniambia nizungushe ufunguo hadi ON bila kuwasha, kisha akauliza, "Mama, taa ya injini iko wapi?" Ile ya rangi ya machungwa yenye umbo la injini, inayoonya injini ikiwa na hitilafu. Funguo ikiwa ON lazima iwake pamoja na ya oili na ya betri, halafu izimike injini ikishawaka. Yangu haikuwaka kabisa. Akafungua dashibodi, tukakuta tepu nyeusi imebandikwa nyuma, sawasawa na ilipo taa. Akanionya kuwa wapo wanaofanya vibaya zaidi: wanaiunganisha na taa ya oili ili iwake na kuzimika nayo, mnunuzi aone kila kitu kiko sawa. Ya namna hiyo macho hayaioni, ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari tu ndiyo itakayoitoa.

Akachomeka mashine na tukaingia barabarani huku inasoma. Ningependa kila mnunuzi aone nilichokiona. Joto la maji ya injini lilikuwa nyuzi 66, na tulikuwa tumeshaendesha zaidi ya robo saa. Injini hii inatakiwa kukaa kati ya 80 na 95 hivi. Themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo, ilitolewa. Mafundi wengi wa mtaani watakwambia nchi ya joto haihitaji themostati, na watu wanakubali. Si kweli. Kompyuta ya gari inapoona injini haijapata moto inaendelea kumwaga petroli ya ziada, kama inavyofanya asubuhi gari likiwa la baridi. Unaendesha Kibaha mpaka Ubungo injini ikidhani ndiyo kwanza imeamka.

Na dalili nilikuwa naiona kila siku bila kujua maana yake. Vitz hizi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika ikipata moto. Yangu ilikuwa inazimika nikiwa nimeshapita Kiluvya! Nilidhani ni kawaida ya gari. Sasa mnaelewa kwa nini siku ya kuliangalia nilikuta limeshawashwa.

Lakini fundi mzee alisema neno jingine zito zaidi: themostati ikiwa imetolewa, uliza ilitolewa kwa nini. Watu huitoa gari likianza kuchemsha, badala ya kutibu kinachochemsha. Akamulika rejeta kwa tochi, tukakuta upande wa chini imezibwa kwa gundi ya chuma, na ndani ni maji matupu yenye kutu, hamna kulanti. Kwa hiyo niliuziwa gari lililowahi kuchemsha, likafichwa kwa njia inayoninyonya mafuta kila siku.

La pili lilikuwa kwenye ekzosi. Masega, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi, yametolewa. Haya yana madini ya thamani na yana wanunuzi wake mjini, kwa hiyo kuna mtu alishakula hela hapo kabla yangu. Bomba likachomelewa ovyo, likaacha ufa karibu na sensa ya oksijeni. Kwenye ufa ule moshi unatoka, lakini pia hewa ya nje inavutwa kuingia ndani. Sensa ikinusa hewa hiyo inaipa kompyuta taarifa kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Kwenye mashine tuliona nyongeza ya petroli ya asilimia 19, wakati kwenye gari lisilo na tatizo haitakiwi kupita 10 hivi. Na ile sensa "mpya" ya 150,000? Nati yake ilikuwa na kutu ya miaka, haijawahi kuguswa. Tangu siku hiyo kila kifaa ninachobadilishiwa nadai cha zamani mkononi kabla sijalipa, na nawaomba mfanye hivyo hata kwa fundi mnayemwamini.

Kile kidude cha 50,000 tulikipasua. Ndani kuna vitaa vya kumetameta na kibao kidogo, na pini za kuongea na kompyuta ya gari hazijaunganishwa na kitu. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilishapima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta na ikakuta vichache mno vyenye faida yoyote. Msinunue.

Kuhusu zile kilomita 68,000. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, au inua boneti. Gereji za Japani hubandika stika ndogo wakibadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Yangu ilikuwa imebaki moja, imefunikwa na vumbi: mwaka 27, kilomita 112,400. Huo 27 ni wa Heisei, kalenda yao. Ukijumlisha 1988 unapata 2015. Yaani mwaka 2015 gari lilikuwa limeshapita 112,000, na mimi nauziwa la 68,000. Anayechezea dashibodi mara nyingi anasahau hizi stika. Vilevile ombeni cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, kwa kawaida nacho kinaandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mimi niliambiwa kilipotea.

Niwe mkweli, si kila gari linalokunywa mafuta limechezewa. Foleni ya Kimara inakula mafuta ya gari lolote, na hata kwangu matairi yalikuwa na upepo 24 wakati stika ya mlangoni inasema kPa 230, ambayo ni kama 33 kwenye geji zetu. Lakini upepo haukushushi mpaka 7.7.

Tumeweka themostati mpya, rejeta nyingine na kulanti, ekzosi imekatwa na kuchomelewa upya. Nimepima tena tenki hadi tenki: kilomita 430, lita 33, sawa na 13 kwa lita. Petroli tukiiweka 3,000 kurahisisha hesabu, zamani nilikuwa nachoma zaidi ya 23,000 kwa siku, sasa chini ya 14,000. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya laki mbili kila mwezi, kwa mshahara wa mwalimu.

Muuzaji sasa hapokei simu. Mkataba wa mauziano alioutoa yeye umeandikwa "gari limeuzwa kama lilivyo", na pale polisi nilielezwa kuwa sentensi hiyo itanisumbua. Ukiletewa mkataba wenye maneno hayo, dai iandikwe humo na idadi ya kilomita, na kwamba injini na mfumo wa moshi havijapunguzwa kifaa. Akikataa kuandika, ondoka.

Jana usiku ametangaza Passo nyeupe, maneno ni yaleyale, "inanusa tu". Kama kuna mtu hapa ameshapanga kwenda kuiona, nenda asubuhi bila kumpa saa kamili, na fundi wako mwenye mashine. Kabla hujasalimiana vizuri weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie unasubiri ipoe ndipo uiwashe mwenyewe.