Prosesa ya kompyuta ya mezani: ipi ununue, na chati ipi uiamini

Kila prosesa mpya (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) inapotoka, huja na chati ya kasi: yenyewe juu, ya mpinzani chini. Kabla hujatoa hela, uliza chati hiyo ilipima kazi gani.

Chukua Core Ultra 9 285K ya Intel na Ryzen 7 9800X3D ya AMD, zote za mwishoni mwa 2024. Kwenye Cinebench, jaribio linalochora picha kwa kutumia kori zote (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) kwa pamoja, Intel yenye kori 24 inaiacha mbali AMD yenye kori 8. Fungua gemu, mambo yanageuka. AMD inaongoza waziwazi, kwa sababu ina MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe, hivyo data nyingi ya gemu inakaa humo humo bila kufuatwa kwenye RAM kila mara. Chati zote mbili zinasema kweli, ila kazi yako inafanana na moja tu.

Jambo jingine linalowapotezea watu pesa: wapimaji makini hupima gemu kwa 1080p (picha ya skrini yenye nukta chache kuliko 4K) wakiwa na kadi ya grafiki yenye nguvu sana, makusudi, ili kadi isiwe ndiyo inayochelewesha. Wewe ukicheza kwa 4K na kadi ya kati, ile tofauti kubwa ya kwenye chati utaiona kwa shida.

Kwa mnunuzi wa kawaida, naiweka ya kwanza Ryzen 5 9600X. Kori 6, wati 65, na ilitoka Agosti 2024 kwa dola 279. Inatosha gemu, masomo, programu za ofisi na kazi za kuandika msimbo wa programu. Soketi yake, yaani tundu inamokaa kwenye ubao mama, ni AM5, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo kesho unaweza kubadili prosesa ukaacha ubao mama ule ule. Feni haimo kwenye boksi. Iweke kwenye hesabu.

Ya pili ni Core Ultra 7 265K, na kwa mhariri wa video ningeipandisha iwe ya kwanza. Ina kori 20, na grafiki yake ya ndani inafungua video za H.265 za biti 10 za 4:2:2, zile zinazotoka kwenye kamera nyingi za siku hizi na kukwamakwama kwenye mashine nyingine. Usichukue 265KF, maana grafiki hiyo haina. Tena nunua kipoza joto cha maana, kwani ikibanwa inaweza kula hadi wati 250.

9800X3D naiweka ya tatu, ingawa kwa gemu ndiyo bingwa wa hizi zote. Dola 479 ilizotokea nazo sokoni zina maana kwa mwenye kadi kubwa tu. Kama bado huna kadi hiyo, anza na kadi.

Mfuko ukiwa mdogo, Ryzen 5 5600 ya 2022 bado inafanya kazi vizuri kwa RAM ya DDR4, ya kizazi kilichopita. Haina grafiki ya ndani. Usipokuwa na kadi, tafuta 5600G.

Kwa zilizotumika, Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zinahitaji uangalifu. Baadhi ziliharibiwa na volti iliyozidi, Intel ikatoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza waranti kwa miaka 2. Marekebisho hayaponyi iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo omba ifanyiwe kazi nzito mbele yako kwa nusu saa.

Na 5600 iliyotumika igeuze. Pini zake ziko chini ya prosesa yenyewe, 1331, nyembamba kama sindano. Iinamishe kwenye mwanga, uangalie kwa ubavu: mistari ikinyooka kila upande, lipa. Mimi niliwahi kulipa bila kugeuza, nikakuta pini mbili za kona zimelala. Nilizinyanyua kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, huku nimezuia pumzi, na ya pili ikakatika.