Jezi ya Drogba namba 15, nimeikagua mshono kwa mshono

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza: shilingi 35,000, soko la Karume, upande wa wauza jezi za mtumba. Ni jezi ya nyumbani ya Chelsea, ya Umbro, bluu, kifuani imeandikwa Fly Emirates, mgongoni DROGBA na namba 15, yaani Didier Drogba, mshambuliaji wa Ivory Coast. Saizi ni L ya Kizungu, ambayo kwa vijana wetu wengi inakaa kama XL. Muuzaji alikuwa ameitundika nyuma kabisa, imefunikwa na za Arsenal na Manchester United. Nilipomwomba aishushe akaniambia, "Dada fundi, hiyo inanikalia tu. Watu wote wanataka kumi na moja." Ya namba 11, ile Drogba aliyoivaa baadaye, yenye Samsung kifuani, alikuwa anaiuza 60,000 na hataki hata kusikia neno la kupunguza.

Mimi nashona hapa Ilala, na kazi yangu nyingi ni jezi: kubana ubavuni, kubadilisha mikono, kubandika majina na namba za timu za mtaani. Kwa hiyo jezi kwangu naigeuza ndani nje kabla sijatazama jina. Hii imepita. Mishono ya ubavu imenyooka, ovaloki imebana, hakuna uzi uliofumuka hata kwapani, mahali ambapo jezi ya kuigwa huwa ya kwanza kuachia. Kitambaa ni kizito kuliko cha jezi za siku hizi, na kwa joto la Dar es Salaam utakisikia mwilini ikifika saa sita mchana. Lakini uzito huohuo ndio umeifanya ifike hadi leo bila kuchanika.

Herufi ndizo zilizonionyesha kwamba ni halali. Majina na namba za Ligi Kuu ya Uingereza za enzi zile ukipitisha kidole unasikia kimanyoya laini kama mahameli, na chini ya namba kuna nembo ndogo ya ligi. Za kuigwa ni plastiki tupu, zinateleza na zinang'aa. Kwenye hii, herufi G imeanza kuinuka pembeni na namba 5 ina ufa mmoja mwembamba. Hilo ni la umri na la mwenye nayo wa kwanza, inaonekana alikuwa anaikausha kwenye mashine yenye joto kali. G nimeirudisha kwa pasi ya moto mdogo, nikaweka kitambaa cha pamba katikati. Ufa nimeuacha. Ukiugusa unaukuza.

Alama nyingine ya kuwaokoa na feki, na hii ishikeni vizuri: tazameni nembo ya klabu. Jezi hii ina yule simba wa zamani aliyekaa juu ya herufi CFC. Mwaka 2005 Chelsea walibadilisha nembo, wakarudi kwa simba mwenye fimbo ndani ya duara, na mwaka huohuo mdhamini akawa Samsung badala ya Emirates. Maana yake ni kwamba Fly Emirates na simba wa fimbo havikuwahi kukutana kwenye jezi moja. Ukioneshwa jezi yenye vyote viwili, irudishe mikononi mwa mwenyewe na uendelee na safari yako. Jambo la pili, muundo huu wa bluu ulivaliwa misimu miwili, 2003/04 na 2004/05, na Drogba alifika Julai 2004. Kama haina jina mgongoni, huwezi kujua ni ya kabla yake au ya wakati wake. Ndiyo maana ile 15 ina thamani, na ndiyo maana nashangaa inauzwa rahisi.

Sasa niseme kwa nini naipenda kuliko ile ya 11.

Namba 11 ni Drogba aliyekwisha kukubalika. Namba 15 ni Drogba ambaye bado watu walikuwa wanauliza kama zile pauni milioni 24 zilitupwa. Alikuwa ndiye mchezaji ghali kuliko wote waliowahi kununuliwa na Chelsea hadi siku ile, na msimu wake wa kwanza aliumia na akafunga mabao 10 tu ya ligi. Wa pili akafunga 12. Mashabiki wa Uingereza walimlaumu kwa kujiangusha. Chelsea walichukua ubingwa misimu yote miwili, ule wa 2005 ukiwa wa kwanza tangu 1955, na bado sifa nyingi zilikwenda kwa wengine. Alivumilia ndani ya namba hii. Damien Duff, aliyekuwa na namba 11, alipoondoka 2006, Drogba akachukua 11, na msimu uliofuata akafunga mabao 33 kwenye mashindano yote, 20 ya ligi, akawa mfungaji bora wa Uingereza.

Hata kufika kwenye hiyo 15 kulimchukua muda mrefu. Alizaliwa Abidjan mwaka 1978. Ana miaka mitano, wazazi wakampandisha ndege kwenda Ufaransa kuishi na Michel Goba, ndugu wa familia aliyekuwa anacheza soka la kulipwa huko. Mtoto akashindwa na upweke, akarudi nyumbani, baadaye akapelekwa tena. Walikuwa wanahama mji baada ya mji kufuata timu za Goba. Utotoni alichezeshwa beki wa kulia. Mkataba wake wa kwanza wa kulipwa aliusaini Le Mans, daraja la pili la Ufaransa, akiwa na miaka 21, na huko nako majeraha yakamkalisha nje muda mwingi. Umri huo hapa kwetu kijana anaambiwa atafute kazi nyingine.

Mpwa wangu ana miaka 20 na anacheza ndondo, soka la mtaani. Ni namba tisa mzuri, yaani mshambuliaji wa kati, mrefu, anajua kumweka beki mgongoni, na wenzake wameshamwambia kwamba kama Simba na Yanga hawajamwona mpaka sasa, basi tena. Jezi nimempa yeye. Nimembania ubavuni sentimita chache tu ili herufi zisikunjike, nikamweleza haya ninayowaeleza ninyi.

Januari 2002 Drogba akahamia Guingamp, mji mdogo wa Bretagne, Ufaransa, ambao wakazi wake wote ukiwakusanya hawaujazi uwanja wao wenyewe. Msimu wa 2002/03 akafunga mabao 17 ya ligi. Pembeni yake alikuwepo Florent Malouda, ambaye miaka michache baadaye walikutana tena Chelsea. Kiangazi cha 2003 Marseille wakamchukua, na mwaka ule mmoja tu pale ulitosha: mabao 19 ya ligi, tuzo ya mchezaji bora wa Ufaransa, na safari ya Kombe la UEFA iliyopita kwa Liverpool, Inter na Newcastle. Newcastle aliwafunga yote mawili kwenye mchezo wa marudiano. Fainali wakapoteza kwa Valencia. Kabla ya ile nusu fainali na Newcastle alitoa jezi yake kwenye kanisa la Notre-Dame de la Garde, lile lililo kilimani juu ya mji wa Marseille. Kwa mtu kama mimi ambaye jezi ni riziki yangu, habari hiyo imenikaa moyoni.

Jumlisha sasa: ametua London akiwa na miaka 26. Washambuliaji wengi wakifika umri huo wameshaonesha walichonacho. Huyu alikuwa ndiyo anaanza.

Tukirudi kwenye ile ya 11 ya Samsung, nisije nikaonekana naidharau. Muuzaji alinishushia nayo nikaikagua vilevile. Ni ya adidas, msimu wa 2011/12, kitambaa chepesi, kinapitisha hewa, kwa kuvaa kila siku inaishinda yangu. Na ni jezi ya Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Bayern. Tarehe 19 Mei 2012, uwanja wa Bayern wenyewe, dakika ya 83 Müller anafunga, watu wengi hapa mtaani walishainuka kwenye mabenchi ya banda umiza. Dakika ya 88 kona ya Mata, Drogba anaingia nguzo ya karibu, kichwa, kipa wao Neuer anaugusa lakini hauzuii. Muda wa nyongeza anamchezea vibaya Ribéry wa Bayern ndani ya boksi, kipa wa Chelsea, Cech, anadaka penalti ya Robben. Kwenye matuta, zile penalti za kuamua mshindi, la mwisho ni lake: anasogea hatua chache tu, anampeleka Neuer upande mwingine. Kombe.

Waliokuwa wanamfuatilia walijua uzito wa ule mpira wa mwisho. Miezi mitatu nyuma, Februari 12, Libreville, kwenye fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Zambia alipaisha penalti katika dakika tisini, na Zambia wakachukua kombe kwa matuta. Mwaka 2006 pia alikosa kwenye matuta ya fainali dhidi ya Misri. AFCON hakuipata kabisa. Ivory Coast waliichukua 2015, yeye akiwa ameshastaafu timu ya taifa. Mtu aliyebeba hayo kifuani ndiye aliyepiga tena pale Munich. Sawa, kwa hilo naelewa kwa nini watu wanatoa 60,000. Ila hakikisheni mnatoa kwa jezi ya kweli, maana hii ya 2012 ndiyo inayoigwa kuliko zote. Geuza ndani, tafuta lebo ndogo za kiwandani zilizoshonwa ubavuni, soma namba zake. Nyingi nilizoletewa kurekebisha hazikuwa na lebo yoyote, au ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

Rangi ya chungwa ya Ivory Coast sijaipata iliyo halali hata mara moja, na mteja akiniletea ya kuigwa huwa namwambia wazi. Natamani kuipata, kwa sababu ile ndiyo jezi ya timu iliyokwenda Omdurman Oktoba 2005, ikaifunga Sudan 3-1 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Nchi yao ilikuwa imegawanyika kwa vita tangu 2002. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alishika kipaza sauti mbele ya kamera, wachezaji wote wakapiga magoti, akawaomba wananchi wasameheane na waweke silaha chini. Juni 2007 wakapeleka mchezo na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5-0. Soka peke yake haikumaliza vita na sitaki kusema hivyo. Lakini mshambuliaji aliyetumia kipaza sauti chake namna ile, mimi namheshimu kuliko mfungaji yeyote.

Na jezi hiyo tuliiona hapa kwetu. Mwanzoni mwa Januari 2010 Ivory Coast waliweka kambi Dar es Salaam kabla ya AFCON ya Angola, wakacheza na Taifa Stars Uwanja wa Taifa, wakatufunga 1-0. Aliyefunga ni yeye. Msimu huohuo alimaliza na mabao 29 ya Ligi Kuu ya Uingereza, kiatu cha dhahabu cha pili. Kwa Chelsea kwa ujumla aliacha mabao 164. Shanghai, Galatasaray, kurudi London na kutwaa ubingwa wa 2015, kisha Amerika Kaskazini hadi alipoacha 2018, hayo yana jezi zake pia, ila hazifiki Karume mara kwa mara, na za Galatasaray nilizoziona zote zilikuwa za kuigwa.

Matunzo. Fua kwa mkono, maji ya baridi, ndani nje, sabuni ya kawaida, usitie dawa ya kung'arisha. Usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze tu. Anika kivulini, herufi zikiwa ndani, maana jua letu linakausha gundi na herufi zinaanza kujikunja kuanzia kona. Pasi usiguse namba moja kwa moja hata kwa sekunde. Ukiikunja kabatini, usipitishe mkunjo katikati ya namba. Izungushe kama mkeka mdogo.

Bei ninayoona ni ya haki: kwa namba 15 yenye herufi halali, hadi 45,000 toa bila wasiwasi. Isiyo na jina, usizidishe 20,000. Usikubali mtu akubandikie jina la Drogba kwenye jezi tupu halafu akuuzie kwa bei ya lile la asili. Mimi mwenyewe nabandika majina, na mteja akitaka DROGBA nambandikia, lakini namwambia ni kazi ya Ilala. Nenda asubuhi siku belo jipya linapofunguliwa, umwombe muuzaji zile za nyuma. Muuzaji wangu ni mkweli, hakunificha ule ufa wa namba 5, na alinipa nafasi ya kuigeuza na kuikagua bila kununa.

Nyota ninazoipa ni nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa joto na kwa ile G.

Bado natafuta moja: Guingamp ya 2002/03, nyekundu na nyeusi. Mwenye nayo, hata ikiwa imechanika, asiitupe. Nitaitolea hadi 80,000 na mchaniko nitaushona mwenyewe.