Fundi aliniambia niende kwenye maombezi: uzoefu wangu wa kuhamisha windo (Windows) ya kompyuta, Kigoma

Jamani mnivumilie, naandika huku bado damu inachemka. Mimi nina steshenari pale Mwanga, natoa kopi, napiga pasipoti saizi, natengeneza kadi za harusi na vipaimara, na kazi zote hizo zilikuwa kwenye deskitopu moja ya zamani ambayo mvua zilipoanza juzi juzi ikala umeme wa radi, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikafa palepale. Ila hadi diski (hard disk), ile inayotunza windo na mafaili, ikabaki nzima. Nikajikusanya nikanunua mashine nyingine ya mtumba, nzuri tu, na ina Windows 10 yake ndani, ila mimi sikuitaka hiyo, nilitaka windo YANGU, yenye fonti zangu za kadi nilizozikusanya miaka na miaka na programu ya stoku ambayo sidii yake ilishapotea na aliyeniwekea alishahama mji. Kwa akili yangu nikasema si unatoa hadi diski huku unachomeka kule, kwisha kazi.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji. Elfu 5 ya kuangalia, nikatoa. Akafungua, akachomeka, akawasha, kioo cheusi na kamstari ka maandishi meupe kwamba haioni diski ya kuwakia. Basi. Hakukaa hata dakika tano. "Hii haiwezekani, windo haihami, tunapiga upya, tena nakupigia Windows kumi na moja kabisa, elfu 30." Nikamwambia baba, hebu cheza cheza huko kwenye seti (settings) kwanza, labda itakubali. Kulikuwa na watu kama saba kwenye benchi wanasubiri simu zao. Akainua uso akasema kwa sauti ya kutangazia mnada, "Mama, hapa ni kwa fundi. Maombezi yako uwanjani."

Watu wakacheka, mpaka bibi mmoja mwenye ndoo ya mawese aliyekuwa anapita tu na yeye akacheka! Mimi nina mtoto anayemzidi huyo fundi umri. Nikamjibu, wewe si wa hapa hapa Kigoma, meli ya Liemba huijui? Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, 1927 ikarudi ziwani, miaka ya sabini ikatolewa injini za mvuke ikawekwa dizeli, na ni Liemba ile ile, hakuna aliyesema meli haihami injini tuchonge nyingine. Akasema sawa mama, akarudi kwenye simu yake. Nikabeba mzigo wangu nikapanda boda, mashine mapajani na kifuniko chake hakijafungwa hata vizuri.

Sasa nyumbani kuna dogo mpangaji mwenzetu, yuko chuo, alikuja likizo. Wala sikumwomba, aliona tu nilivyokunja sura. Akaiwasha huku anapiga kitufe cha F2 kama anatwanga, ikaingia kwenye bayosi, yaani seti za mashine yenyewe kabla windo haijawaka. Akaniambia mamdogo, windo yako ilipigwa kizamani, hadi diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na mashine hii imewekwa UEFI peke yake, yaani njia mpya ya kuwaka, ndio maana hazionani. Akabadilisha ikawa Legacy, ile njia ya zamani. Ikawaka! Halafu ikaja rangi ya bluu na kale kauso ka huzuni, INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Moyo ukanidondoka, nikasema yule shetani alikuwa sahihi. Dogo wala hakushtuka, akarudi kule kule, akakuta pale pa kuchagua namna mashine inavyoongea na diski pameandikwa RAID, akaweka AHCI kama ilivyokuwa kwenye ile ya zamani. Ikaandika inaandaa vifaa, asilimia 12, 35, ikakwama tukanyamaza wote wawili, ikaendelea, ikajizima ikajiwasha, na nikaiona picha ya binti yangu na gauni la kipaimara kwenye kioo. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Seti mbili! Seti mbili tu ndio nimetukanwa mbele za watu. Na hiyo kumi na moja aliyotaka kunipigia, dogo anasema mashine ina prosesa ya Intel ya jen (kizazi) ya nne, na rasmi Windows 11 inataka jen ya nane kwenda juu na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani, juu yake, kwa hiyo angenilazimishia tu.

Ila niseme na la upande wake. Windows 10 kweli Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14/10/2025, hilo alinigusia na mimi nikamkatiza. Halafu siku mbili nzima pembeni ya kioo yalikaa maandishi kwamba windo haijaaktivetiwa, yaani leseni yake haijathibitishwa, maana mazabodi ikibadilika yenyewe inaona ni kompyuta nyingine, na leseni nyingi zilizokuja na mashine zinafia na mashine yake. Yakaondoka nilipoweka bando, kumbe hii mashine mpya ina leseni yake na windo zote mbili ni toleo la Pro. Bahati hiyo. Na kitu kingine, yule fundi kabla ya yote aliniuliza mafaili umenakili wapi, nikasema sijanakili, akasema basi hiyo hadi diski sifuti mpaka unakili. Wapo wanaoformati bila kuuliza wakakuambia pole. Kwa hilo nikawa nimeshalainika, nikasema nimpe nyota tatu yaishe.

Jana nikapita nimwoneshe picha kwenye simu kwamba inawaka. Kaangalia, kasema, "Sasa mama si ungeniambia ni Legasi?"

NINGEKUAMBIA MIMI? Nyota moja. Na tukifungua mashine tumekuta hadi diski imeshikwa na skrubu moja, hapa nimeisaidia na soletepu. Zilikuwa nne. Tatu ziko kwenye kile kikopo chake cha blubendi juu ya meza, niliziona kwa macho yangu, na kesho nazifuata.