Kovu la Mti na Kumbukumbu ya Wazee
Kwenye bonde la mto Klamath, kaskazini mwa California, anayetaka kurudisha moto msituni, yaani kuuchoma kwa makusudi kama zamani, ana walimu wawili.

Wa kwanza ni mti wenyewe. Moto ukiunguza gome bila kuua mti, huacha kovu katikati ya pete za ukuaji, duara za ndani ya shina zinazoongezeka moja kila mwaka. Mtaalamu huhesabu pete na kutaja mwaka, mara nyingi hata msimu. Ila moto mdogo wa chinichini huenda usiache alama yoyote, na kovu halisemi nani aliwasha wala kwa nini.

Hayo wanayajua walimu wa pili: wazee wa Wakaruk na Wayurok, wenyeji asilia wa eneo hilo. Jamii hizi huchoma vichaka vya heizeli ili baadaye vichipue vijiti virefu, vilivyonyooka, vya kusukia vikapu. Shika kijiti cha kichaka kisichochomwa miaka mingi: kimepinda, kina matawi, hakisukiki. Chini ya mialoni huchoma ili kupunguza wadudu wanaotoboa mbegu za miti hiyo, ambazo ni chakula cha jamii hizi tangu jadi. Sheria ya California ya 1850 iliweka adhabu kwa wachomaji nyika, lakini ujuzi haukufa.

Mimi ningeanza na wazee kuamua pa kuchoma na lini, kisha pete zinionyeshe moto ulikuwa ukirudi kila baada ya miaka mingapi.