Ganda Jipya la Game Boy: Tazama Viguzo Kabla ya Rangi

Skrubu ilizunguka bila kushika. Nilikuwa nimemaliza kila kitu kwenye Game Boy, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo mkononi: skrini mpya ya IPS (aina ya kisasa ya LCD) inawaka vizuri, raba zimekaa mahali pake, vitufe vya L na R nimevipachika baada ya kuvitafuta chini ya meza mara mbili. Ilibaki skrubu moja tu, ya kona ya juu karibu na L. Nikaizungusha, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Nikafungua tena. Kiguzo kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini, ufa mweupe mwembamba kama unywele kwenye plastiki ya zambarau inayoonyesha ndani. Nilipokigusa kwa ncha ya bisibisi kikang'oka, kikabaki kinaning'inia kwenye skrubu.

Ganda lile, yaani mwili wa nje wa mashine, nililinunua kwa sababu ya rangi. Wasomaji wengi wanaoniandikia kuhusu maganda (mafundi wengine huyaita hausingi) nao huanza na rangi. Leo sitazungumzia rangi kabisa, kila mtu ana macho yake. Nitazungumzia viguzo: vile vibomba vya plastiki vilivyosimama ndani ya ganda, vyenye tundu katikati, ambamo skrubu hujikatia njia yake. Hakuna muuzaji anayevitaja, na ndivyo vinavyoamua kama mashine yako itadumu.

Chukua Game Boy Advance ya 2001. Nyuma inafungwa kwa skrubu sita zenye kichwa cha mabawa matatu, na moja ya msalaba ndani ya chumba cha betri. Ukishafungua, unakuta nyingine tatu zinazoikaza bodi kwenye ganda la mbele. Hizo tatu ndizo roho ya vitufe. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye kidonge cheusi cha kaboni, na ukibonyeza, kidonge kinagusa alama za kupitisha umeme kwenye bodi. Kiguzo kimoja kikilegea, bodi inarudi nyuma kidogo tu, pengine unene wa karatasi mbili tatu, na hapo unabonyeza A mchezaji wako haruki. Mtu ananunua raba mpya. Anasugua bodi kwa spiriti. Anabadilisha vitufe. Kumbe skrubu haijashika! Nimeletewa mashine tatu za namna hiyo, na zote tatu ugonjwa ulikuwa huo huo.

Skrini za IPS zinaongeza mzigo, maana nyingi ni nene kuliko ile ya zamani na zinasukuma bodi kwa nyuma. Ganda ambalo lingevumilia skrini ya asili linaweza kushindwa hapo.

Kiguzo kibovu kina sura mbili. Tundu likiwa jembamba mno, skrubu inaingia kama kabari na plastiki inapasuka. Likiwa pana, skrubu haina cha kung'ata. Kiguzo kizuri kina ukuta mnene, na kwenye kitako kina mbavu ndogo zinazokishikilia kwenye ganda. Mbavu hizo zinaonekana hata kwenye picha ya simu, ndiyo maana nazitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mpangilio wangu wa watengenezaji wa maganda.

Wa kwanza ni FunnyPlaying, na sijifichi kwamba ninawapendelea. Ganda lao moja la Advance nimelifungua na kulifunga mara nyingi kuliko inavyofaa, kwa kujaribu skrini na spika tofauti, na viguzo vyote bado vinashika. Mdomo wa chumba cha kaseti ya mchezo umenyooka, kaseti inaingia bila kusukumwa kwa kidole gumba. Ila soma maelezo mpaka mwisho kabla ya kulipa. Kuna maganda ya skrini ya asili, kuna ya IPS, na kuna ya IPS iliyogandishwa moja kwa moja kwenye kioo cha mbele. Ukikosea, utaishia kukata plastiki kwa kisu, na ukishaanza kukata karibu na viguzo umeharibu kile kile ulicholipia. Vitufe na raba kwa kawaida vinauzwa kando.

Wa pili, eXtremeRate. Ukitaka ganda lenye mguso laini kama wa mpira, anzia hapa, na langu lilikuja na vitufe vyake. Nimewaweka wa pili kwa sababu mkono wangu unapenda plastiki tupu, basi.

Wa tatu ni maganda ya alumini ya Boxy Pixel, yanayochongwa kwa mashine. Humo hoja yangu yote ya viguzo inakwisha, kwa kuwa skrubu inashika chuma. Lakini ni mazito, na bei inaweza kuzidi ya mashine yenyewe. Kwa kifaa cha kukaa kabatini, sawa. Cha kuchezea saa mbili umejilaza, hapana.

Maganda ya bei ya chini yasiyo na jina: nunua kama unajifunza kufungua na uko tayari kulitupa.

Wenye Game Boy Color ya 1998, hakikisheni kile kidirisha cheusi cha infraredi kinachokaa juu kimo kwenye pakiti, au kitoeni kwenye ganda la zamani kabla hakijapotea. Wenye Advance SP ya 2003 wana shida nyingine: bawaba. Waya bapa wa skrini unapita ndani yake, na ganda ambalo bawaba yake inabana litaukata. Kama hujawahi kufungua mashine yoyote, usianze na SP.

Ganda lolote utakalopata, fanya hivi kabla ya kuweka bodi. Chukua ganda tupu, ingiza kila skrubu polepole kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka ikate nyuzi zake. Bisibisi ya umeme iache kwenye droo. Kila unapofunga tena, zungusha skrubu kinyume kwanza, kwa upole, mpaka uhisi imedondokea mahali, "tik", ndipo ukaze. Hapo inarudi kwenye nyuzi zile zile badala ya kukata mpya. Ikigota, simama. Viguzo vingi nilivyoviona vimevunjika vilivunjwa na robo ya mwisho ya mzunguko.

Kikishapasuka, usikimbilie supagluu karibu na skrini, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo. Kama ganda ni la plastiki ya ABS, kata vipande vya ganda la zamani la ABS, viloweke kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, pakaza kuzunguka kiguzo, kisha uache siku nzima pakauke. Cha kwangu nilikirudisha hivyo. Si kizuri kwa macho, lakini kinashika.

Wauzaji wamenichosha. Picha zao nyingi zimechorwa kwa kompyuta, ganda linaelea hewani linang'aa, na upande wa ndani hauonyeshwi kamwe. Wanaandika "asili" kwenye ganda la rangi ambayo Nintendo haikuwahi kuitoa. Itakuwaje ya asili? Halafu kuna huu mtindo wa kugawa bei: ganda bei moja, kioo cha mbele bei nyingine, skrubu bei nyingine, raba nyingine, na kila kimoja kinaonekana rahisi mpaka ujumlishe. Yule aliyeniuzia la zambarau alinijibu kwamba nilikaza kupita kiasi. Nilimtumia picha ya kiguzo kingine kilichopasuka ambacho hata skrubu sikuwahi kukitia. Hakujibu tena.

Siku hizi ninaomba kitu kimoja kabla ya kulipa: picha ya ndani ya ganda, iliyopigwa kwa simu, ganda likiwa mezani. Wengi hukaa kimya au wanarudia ile picha ya kwenye tangazo. Mwezi uliopita mmoja alinitumia tatu, ya mwisho ameisogeza kamera mpaka kitako cha kiguzo cha L kinajaza skrini, na mbavu zake nne zinahesabika. Nilinunua mawili.