Vijiji vya mlimani vya Luberon, kusini mwa Ufaransa, kwa gari la kukodi: nyota nne kati ya tano

Mzunguko wenyewe ni huu: stesheni ya treni za kasi ya Avignon TGV, Gordes, Roussillon, Bonnieux, Lacoste, Ménerbes, halafu Avignon tena. Ni kilomita kama 120 tu, na anayetazama ramani hudhani saa nne zinatosha. Wapi! Kijiji hadi kijiji ni dakika 10 hadi 20, lakini kila kimoja kinakutaka uegeshe chini, upande kwa miguu, kisha ushuke tena. Hesabu saa moja na nusu kwa kila kituo. Siku ikibana, ningeacha Ménerbes kuliko kuvikimbiza vyote vitano.

Nyota moja nimeikata kwenye bima. Ile ya msingi haikuhusu rimu, matairi wala vioo, na ndivyo hasa vinavyoumia huku: vichochoro ni vyembamba, kuta ni za mawe. Piga picha rimu zote nne na saiti mira mbili kabla ya kuwasha gari. Upepo wa mistral ukivuma, shika mlango kwa mkono unapofungua, la sivyo utaupindua hadi bawaba zilegee. Omba gari dogo. Leseni iliyoandikwa Kiingereza pekee kwa kawaida haitoshi Ufaransa. Ongeza kibali cha kimataifa.

Kwa sisi tuliozoea kuendesha kushoto, mkono wa kushoto utagonga mlango ukitafuta gia, nayo iko kulia. Kipilefti cha kule kinakana jina lake: unaingia kwa kugeukia kulia, kisiwa kikibaki kushoto kwako, na kwa kawaida unampisha aliyekwisha kuingia. Mtego mkubwa uko ndani ya vijiji. Pasipo alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko barabara kubwa.

Fika Gordes kabla ya saa tatu asubuhi. Ukipandia barabara ya D15 kutokea Cavaillon, mwamba wa kutazamia uko kabla ya kuingia kijijini, na jua la asubuhi linapiga nyumba usoni. Jumanne ni siku ya soko, maegesho hujaa mapema. Abasia (nyumba ya watawa) ya Sénanque, iliyoanzishwa mwaka 1148, iko kilomita chache bondeni. Lavenda yake huchanua mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Mwezi Septemba utakuta vichaka vilivyonyolewa.

Roussillon ndiyo iliyonipendeza zaidi. Njia ya miguu kwenye machimbo ya zamani ya oka, udongo wa kutengenezea rangi, ina mizunguko miwili, dakika 35 au 60, chukua mrefu. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, kwa maneno mengine kutu iliyosagika kama unga. Inaingia kwenye mishono ya viatu, inapanda hadi pindo la suruali, kisha inahamia kwenye kapeti la gari utakalorudisha jioni. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, itasambaa. Iache ikauke, kung'uta, ndipo upige brashi. Vaa viatu vyeusi.

Kuelekea Bonnieux kwa D149, simama dakika 10 kwenye Pont Julien, daraja la Kirumi lenye matao matatu. Magari yalikuwa yakipita juu yake hadi mwaka 2005.

Majiko mengi ya mikahawa hufungwa saa nane mchana. Ukichelewa, kimbilia duka la mikate. Kule juu Bonnieux, kwenye kanisa la zamani, unaiona Lacoste ng'ambo ya bonde pamoja na magofu ya ngome ya mwandishi Marquis de Sade, ambayo mbunifu wa mitindo Pierre Cardin aliinunua mwaka 2001. Mawe ya Lacoste yamesuguliwa na miguu mpaka yanang'aa. Mvua ikinyesha, soli laini itakuangusha.

Kwenye programu ya ramani usiandike jina la kijiji, andika maegesho yake. Ukiandika kijiji, itakupeleka hadi uwanja wa katikati na utatoka kwa rivasi.

Kwenye pampu, palipoandikwa Gazole ni dizeli. Petroli ni SP95 au E10. Pampu zisizo na mhudumu zinaweza kuzuia zaidi ya euro 100 kwenye kadi kwa muda, hata ukijaza lita 8 tu, kwa hiyo usiende na kadi yenye salio la kubahatisha.