Fomu iliyowakataa watoto watatu wa mzee wetu

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Fomu yetu ya uanachama ilikuwa ya nukta nukta: "Jina kamili ............", na ukiijaza kwenye kompyuta nukta zinasukumwa, mstari unavunjika, ukurasa mmoja unazaa wa pili. Nilichoka. Nikalipia programu ya kuandikia inayosifiwa kila ofisi, nikahangaika nayo siku tatu nne mpaka nikaipata menyu ya kutengenezea fomu. Wameificha. Usipoingia kwenye mipangilio ukaiwekea tiki, hujui hata kama ipo.

Siwezi kuidhulumu, ilipokaa sawa nilifurahi sana. Nafasi ya jina haiharibu mstari. Hali ya ndoa unachagua kwenye orodha, hakuna tena mtu kuandika anavyojua. Tarehe unaichukua kwenye kalenda, ingawa ilibidi niigeuze, maana ilikuwa inatanguliza mwezi kama Wamarekani, na mtoto wa tarehe 4 Mei kwetu angesomeka wa 5 Aprili. Mwisho nikaifunga kwa nenosiri ili mtu ajaze penye nafasi tu, asiguse masharti ya kikundi. Siku ile ningeipa nyota tano bila kufikiri.

Jumapili moja baada ya kikao akaja mzee wetu mmoja, mwanachama tangu kikundi kinaanza. Nikaweka laptopu mezani, yeye anataja, mimi naandika. Mke, kisha watoto. Kwenye jedwali la wategemezi nilikuwa nimeweka mistari 7. Tulipofika mtoto wa sita mistari ikaisha, na mzee ana watoto 9. Nikabonyeza Tab, ambayo siku zote ukiwa mwisho wa jedwali inakupa mstari mpya. Kishale kikaruka hadi juu kabisa ya fomu, kwenye jina la mzee mwenyewe. Nikabonyeza tena, kikashuka nafasi ya pili. Nikatafuta pa kuongezea mstari kwenye menyu: maneno yamefifia, hayabonyezeki.

Nikaweka nenosiri, nikafungua fomu, nikaongeza mistari 3, nikaifunga tena. Mistari ipo, naiona kwa macho yangu, na haiandikiki! Kumbe mstari mpya hauji na zile nafasi za kujazia, na fomu ikishafungwa, pasipo na nafasi huandiki hata herufi. Dawa niliyoijua mimi ni kufungua tena na kunakili nafasi moja moja, jina, uhusiano, tarehe, mara tatu, huku watu wamepanga foleni nyuma yetu. Mzee akaitazama skrini, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, niwaache wepi?"

Nilitamani kulia. Katika kikundi kama chetu, asiyeandikwa kwenye fomu hatolewi hata pesa ya sanda. Mtu aliyelipa ada miaka yote hiyo anaulizwa na kompyuta achague watoto!

Kuna walioniambia baadaye kwamba kosa ni langu, ningeweka mistari 15 tangu mwanzo. Nilishaliwaza hilo kabla yao. Tunaye mama mmoja ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Nimkalishe mbele ya mistari 15 mitupu, aitazame mmoja mmoja? Karatasi ilikuwa haimfanyii hivyo mtu. Ulikuwa unaandika ulionao, nafasi ikiisha unageuza nyuma.

Kwa hiyo haifai? Kwa fomu ya likizo, au ya mkopo, kitu ambacho majibu yake unayajua idadi kabla, itumieni, tena itawapunguzia kazi ya kusoma miandiko. Nilikuwa nimepanga kuipa nyota tatu. Lakini kila nikiandika hapa namsikia mzee akiuliza awaache wepi, na tatu haziandikiki. Moja. Na hiyo moja ni ya kalenda.

Siku ile tulichapa ile fomu yenye watoto 6. Mzee akaomba kalamu, akaigeuza karatasi, akawaandika watatu waliobaki kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, na tarehe zao zote bila kumuuliza mtu. Ndiyo niliyoiweka kwenye faili.